Mgeni Rasmi na Foleni ya Sisimizi

Paukwa!

*Pakawa.*

Ah-ah, hiyo ni sauti ya watu waliokula chipsi wakalala. Nataka ya walioamka. Paukwa!

*Pakaaawa!*

Pakawa nini?

*Pakawa jiji!*

Jiji la nani?

*La wanyama!*

Wanakula nini?

*Kila kitu!*

Basi sogeeni. Wewe mwenye kikombe, acha kukoroga, sukari yako imegoma kuyeyuka, haina tena pa kwenda. Koroga mara ya mwisho, tuanze.

Hapo kale, si kale sana, kale ya juzijuzi, palikuwa na jiji la wanyama, na ndani ya jiji palikuwa na mtaa ulioitwa Mkiani. Uliitwa Mkiani kwa sababu kila kitu kizuri kiliufikia mwisho. Maji yaliufikia mwisho. Umeme uliufikia mwisho. Lami ndiyo haikufika kabisa, mpaka leo iko njiani. Kitu kimoja tu kilifika Mkiani kabla ya mitaa yote: mafuta ya kukaangia.

Na mwenye mafuta alikuwa Kiboko.

Kiboko yule alikuwa na mdomo, jamani! Akipiga mwayo, kunguru hudhani mlango wa gereji umefunguliwa, wanaingia kujikinga mvua. Alikuwa na karai kubwa kando ya barabara, na karai lile halikupoa. Chwaaa! Muhogo. Chwaaa! Chipsi. Chwaaa! Maandazi. Mafuta yenyewe alirithi kwa baba yake, hayakuwahi kumwagwa, yalikuwa meusi kiasi kwamba mbuzi walikuja kujitazama ndevu humo. Chumvi aliitupia kwa koleo. Na chai yake, ukichomeka kijiko, kijiko kinasimama wima na kukupigia saluti.

Watu wa Mkiani wakala. Wakala asubuhi, wakala mchana, wakala jioni. Kisha wakaanza kuugua. Na si zile homa zinazokuja zikaaga. Yalikuja magonjwa yanayobisha hodi yakiwa na godoro kichwani, ukiyafungulia mlango yanauliza, "Chumba chetu ni kipi?" Twiga akapata presha, na kwa shingo ile, presha ikiamua kupanda ina safari. Fisi akawa akicheka anashika kifua. Na Mama Punda, aliyekuwa akibebea mtaa mzima maji, akapata kisukari. Akapata na kidonda kwenye mguu wa nyuma, na kidonda kikakataa kufunga.

Sasa, mtaani hapo alikuwepo Kalunguyeye. Mnamjua Kalunguyeye? Yule mdogo wa miiba, akiogopa anajikunja kama mpira. Yeye ndiye alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Kazi yake ni kupita nyumba hadi nyumba na mkoba wake.

"Hodi!"

"Karibu."

"Mmekula nini leo?"

"Cha Kiboko."

"Mmetembea mpaka wapi?"

"Mpaka kwa Kiboko."

Nyumba ya pili.

"Hodi!"

"Karibu."

"Mmekula nini leo?"

"Cha Kiboko."

"Mmetembea mpaka wapi?"

"Hatujatembea, tumemtuma mtu."

Kalunguyeye akaona hapa maneno hayatoshi. Akawakusanya watu, wakaenda kwenye uwanja uliokuwa jalala la mtaa. Wakafagia. Wakachoma takataka. Pembeni wakapanda mchicha, matembele na bamia. Katikati wakaacha wazi, na kila alfajiri wakawa wanakimbia mchakamchaka kuuzunguka uwanja. Kiongozi wa mbio wakamchagua Mzee Kobe. Msicheke. Tangu Kobe aongoze, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeachwa nyuma.

Kobe anaimba: "Chumvi hiyo!"

Wanaitikia: "Ipungue!"

"Sukari hiyo!"

"Ipungue!"

"Tumbo hilo!"

"Liondoke, lirudi kwao!"

Mama Punda akazunguka uwanja, tok, tok, tok. Akala mchicha, akameza dawa zake, akazunguka tena, tok, tok, tok. Kidonda kikaanza kukauka ukingoni. Daktari wa hospitalini akakitazama, akamwambia, "Endelea hivyohivyo, mama. Ukiacha kutembea, siku nyingine tutaonana chumba cha kukata miguu."

Mama Punda akarudi nyumbani akasema, "Mimi na uwanja ule tumeoana."

Sasa tumrudie Kiboko. Chwaaa! Muhogo, hakuna mtu. Chwaaa! Chipsi, hakuna mtu. Maandazi ya asubuhi yakalala, yakaamka, yakaanza kusalimiana. Kiboko akauliza, "Watu wangu wako wapi?" Nzi mmoja akamwambia, "Wako uwanjani, wanakimbia." Kiboko akashangaa. "Wanakimbia nini?" Nzi akasema, "Wanakukimbia wewe."

Asubuhi iliyofuata, watu wa Mkiani wanafika uwanjani, wanakuta uzio. Nguzo, seng'enge, nguzo, seng'enge, pande zote. Na bango: ENEO HILI NI LA KIBOKO. MARUFUKU KUKIMBIA. MARUFUKU KUTEMBEA. MARUFUKU KUKOJOA.

Twiga peke yake ndiye aliyeweza kuchungulia kwa juu.

"Twiga, anafanya nini humo?"

"Amekaa."

"Na sasa?"

"Amekaa."

"Na sasa?"

"Anageuka... hapana, amekaa vizuri zaidi."

"Na mchicha?"

"Ndio alioukalia."

Mama Punda akasogea kwenye uzio. "Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Unataka muhogo?"

"Nataka kupita nitembee, baba. Mguu wangu nitaupoteza."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likachelewa kusimama. "Mguu wako, uwanja wangu. Hapa nitaweka makarai mpaka mwisho wa macho yenu. Ukichoka kutembea, njoo ukae ule."

Ungefanya nini wewe? Mama Punda akaenda kutembea barabarani. Tok, tok, tok. Mara vuuum! Ngiri na bodaboda yake, mkia juu kama antena, abiria watatu na godoro. Mama Punda akaruka pembeni, akaanguka mtaroni, na kidonda kilichokuwa kinafunga kikafunguka.

Kalunguyeye alimfunga bandeji. Miiba yote imesimama.

"Nitamtoa yule," akasema.

"Utamtoaje, mwanangu?" Mama Punda akamuuliza huku anagugumia maumivu. "Wewe ukijikunja unaenea kwenye sikio lake, na nafasi inabaki."

"Sijui bado. Lakini nitamtoa."

Kalunguyeye akaenda uwanjani, akapenya chini ya seng'enge, akajibanza nyuma ya tuta la bamia, akatazama. Kiboko akainuka. Akajinyoosha. Akaenda kwenye nguzo ya bango lake mwenyewe, pale pale palipoandikwa marufuku, akakojoa. Shwaaaa! Akamaliza, akajitingisha. Na hapo Kalunguyeye akaona jambo.

Sisimizi.

Walikuja mmoja. Wakaja wawili. Wakaja ukoo. Foleni ikatoka nguzoni, ikapita matembele, ikapita tuta la bamia, ikaenda mpaka huko mwanzo wake usikoonekana. Kiboko akawatazama, akawainulia mkono kama kiongozi aliye juu ya gari la wazi.

"Poleni na foleni, watu wangu," akawaambia. "Najua mnanipenda. Kila asubuhi mnakuja kunisalimia. Hawa wa nje ndio hawajui kumheshimu mkubwa."

Kalunguyeye akaziba mdomo asicheke. Kwa sababu yeye alijua. Kule hospitalini kipimo cha sukari kilikuwepo, kipya kabisa, kwenye boksi, lakini hakijafunguliwa kwa kuwa hakijazinduliwa. Kwa hiyo Kalunguyeye alikuwa anapima watu wake kwa njia ya mabibi: kojoa kwenye kopo, weka chini, ngoja. Sisimizi wasipokuja, nenda nyumbani. Wakija, nenda hospitali. Wakija na watoto wao, nenda mbio.

Kisha kicheko kikamwisha. Akajisemea, "Kumbe na huyu ni mgonjwa wangu."

Akakaa kidogo. Akawaza. Halafu akatabasamu.

Niwaeleze desturi moja ya jiji lile, maana bila hiyo hamtaelewa. Katika jiji lile, kitu hakikuwa kitu mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Daraja likijengwa, watu wanavuka kwa kuogelea chini yake mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Choo kikijengwa, watu wanabana. Na mgeni rasmi akija, hakuna anayeanza kabla yake, na hakuna anayemaliza kabla yake. Akisimama, simama. Akikaa, kaa. Akichelewa, wali unapoa, na unaliwa ukiwa umepoa, na mnasema asante. Hiyo ndiyo itifaki.

Kalunguyeye akaenda mbele ya Kiboko.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nani huyo? Nasikia sauti, sioni mtu."

"Niko hapa chini, Mheshimiwa. Karibu na kidole chako."

"Nikikukanyaga?"

"Utachechemea mwezi mzima, Mheshimiwa."

Kiboko akatazama ile miiba, akarudisha mguu. "Sema."

"Watu wa mtaa wamenituma. Wanasema uwanja ni wako, hakuna ubishi. Ila haujazinduliwa. Uwanja usiozinduliwa, kesho anakuja Tembo anasema ni wake, na wewe huna la kumwonyesha. Tumeona tumtafute mgeni rasmi."

"Nani?"

"Tulimfikiria Tembo."

"TEMBO?" Kiboko akaruka, ardhi ikasema puu. "Uwanja wangu azindue Tembo? Mimi nina kasoro gani?"

Kalunguyeye akajikuna miiba polepole. "Huna kasoro. Ila tulihofia kazi itakushinda. Mgeni rasmi hutangulia kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hata kula?"

"Kula ndiko anakotangulia zaidi."

"Na makofi?"

"Anapigiwa kuanzia anapoingia mpaka anapotoka."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa mwingine wa Kiboko, ambao hauna kipimo. Kiboko akipigiwa makofi hufumba macho. Hata kwa kuyawaza tu, alishayafumba.

"Mwambieni Tembo," akasema macho yakiwa yamefumba, "nafasi imejaa."

Siku ya uzinduzi ikafika. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, kiti cha Kiboko ni gogo, maana vya plastiki walishavijaribu. Kwenye uzio Kalunguyeye alikuwa amefunga utepe mwekundu, kutoka nguzo hadi nguzo, kuuzunguka uwanja wote. Kobe amesimama na kipaza sauti, shingo imetoka yote kwa furaha.

"Mheshimiwa mgeni rasmi! Wageni waalikwa! Wageni mlioalikwa na harufu! Itifaki imezingatiwa!"

"Imezingatiwa!" watu wakajibu.

"Hakuna anayeanza!"

"Kabla ya mgeni rasmi!"

"Hakuna anayemaliza!"

"Kabla ya mgeni rasmi!"

Kiboko akainama kulia, akainama kushoto. Shada la maua limekwama kwenye sikio moja, maana shingo halikuiona.

"Mheshimiwa sasa anakaribishwa kukata utepe!"

Kiboko akautazama utepe. "Mbona mrefu hivi?"

"Ah, Mheshimiwa," Kobe akasema, "wadogo hukatishwa utepe wa shubiri. Wewe tungekupa shubiri, si tungekutukana?"

"Kweli. Mkasi uko wapi?"

"Na mdomo huo, uombe mkasi?"

Watu wakapiga makofi, pa pa pa pa! Kiboko akafumba macho, akafunua mdomo, akauma. Kwacha! Utepe ukaenda, na nguzo ikaenda. Vigelegele! Kiboko akasogea. Kwacha! Utepe, nguzo na seng'enge. Vigelegele! Kwacha! Pa pa pa! Kwacha! Pa pa pa! Akatafuna upande wa mashariki, akatafuna upande wa bondeni, akalitafuna na bango lake, lile la marufuku, akalitema likiwa vijiti. Alipofungua macho alikuwa anahema na kutabasamu, na kipande cha nguzo kimekwama jinoni.

"Nimekata vizuri?" akauliza.

"Hajawahi kutokea mkataji kama wewe," Kalunguyeye akasema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Mheshimiwa sasa anakaribishwa kufungua njia ya mazoezi!"

"Kufungua vipi?"

"Kwa miguu, Mheshimiwa. Unazunguka, nasi tunafuata. Hakuna anayeanza kabla yako."

Kiboko akaanza. Puu! Puu! Puu! Tumbo nyuma yake: bwata, bwata, bwata. Watu wakafuata. Kobe akaanzisha, "Tumbo hilo!" Wakaitikia, "Liondoke, lirudi kwao!"

Kiboko akasimama. "Tumbo lipi?"

"Langu, Mheshimiwa," Kobe akasema akijipiga gamba. "Hili limenisumbua tangu ujana."

Wakaendelea. Puu. Puu. Bwata. Hefu! Hefu! Kiboko akashika magoti. "Tumemaliza?"

"Hakuna anayemaliza kabla yako, Mheshimiwa. Ukisema tumemaliza hapa, itaandikwa kwamba mgeni rasmi aliishia kwenye bamia."

Kiboko akamaliza. Alimaliza kama gari linalosukumwa, lakini alimaliza, na makofi yakamfumba macho.

"Mheshimiwa sasa anakaribishwa chakula!"

"Ah!" Kiboko akasema. "Itifaki sasa ndiyo imezingatiwa."

Wakamletea bakuli. Mchicha wa kuchemsha. Akageuza mchicha, akatafuta chini yake. Chini yake palikuwa na mchicha.

"Nyama iko wapi?"

"Tunakusubiri wewe, Mheshimiwa. Wote tuna njaa. Hakuna anayeanza kabla yako."

Mtaa mzima unamtazama. Watoto wa sungura wameshika vijiko. Kiboko akala. Uso ukajikunja kama mkoba wa zamani. Makofi! Uso ukanyooka. Akala tena.

"Na sasa," Kobe akasema, na sauti yake ikapungua, "Mheshimiwa anakaribishwa kuzindua upimaji wa afya."

Kiboko akapelekwa nyuma ya turubai na ndoo, maana kopo lisingetosha. Shwaaaa! Ndoo ikawekwa upande huu. Na Mama Punda, anachechemea na bandeji yake, akaleta kopo lake, akaliweka upande ule.

Watu wakangoja.

Kwenye kopo la Mama Punda akaja sisimizi mmoja, mzee, na fimbo. Akanusa. Akatikisa kichwa. Akaondoka zake.

Kwenye ndoo ya Kiboko akaja mmoja. Wakaja wawili. Ukaja ukoo. Wakaja kutoka mtaa wa pili, wamefunga na virago. Foleni ikapita katikati ya wageni waalikwa, watu wanainua miguu kuwapisha.

Kiboko akavimba kwa furaha. "Mnaona! Nyie mnanipigia makofi leo tu. Hawa huja kila asubuhi! Kalunguyeye, waambie watu kwa nini hawa wananipenda!"

Kalunguyeye akapanda juu ya gogo, akamsogelea sikioni, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Mheshimiwa, hawa hawakuja kwako. Wamekuja kwenye sukari."

"Sukari gani?"

"Yako. Ile uliyokuwa unawauzia watu, na wewe mwenyewe unaila. Imekujaa mpaka inamwagika."

"Uongo! Sisimizi ni waongo! Wadogo wote ni waongo!"

"Basi zindua na hiki." Kalunguyeye akatoa lile boksi la hospitali. Akachana. Akachomoa mwiba mmoja mgongoni kwake, akauchovya kwenye spiriti.

"Lete kidole."

"Sitaki!"

"Hakuna anayeanza kabla yako," mtaa mzima ukasema.

Chwi! Kiboko akapiga kelele mpaka kunguru wakatoka mdomoni. Tone la damu likawekwa kwenye kipimo. Pi. Pi. Piiiiii! Kipimo hakikuonyesha hata namba, kilionyesha kimechoka.

Kiboko akakaa chini. Puu. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo nakufa?" akauliza, na sauti ilikuwa ndogo, hungejua imetoka kwenye mdomo ule.

"Hufi leo," Kalunguyeye akasema. "Mama Punda anacho kisukari hikihiki, na yuko hapa. Kuna dawa ya hospitali, hiyo utameza. Kuna dawa ya chungu, hiyo ni mchicha. Na kuna dawa ya uwanja, hiyo utatembea, kila alfajiri."

"Basi nipeni uwanja nitembee!"

"Tungekupa, Mheshimiwa. Ila kuna mkubwa mmoja ameuzungushia uzio."

Kiboko akasimama, macho mekundu. "Nani huyo? Yuko wapi uzio wake? Nitautafuna!"

"Mheshimiwa," Kalunguyeye akasema, "umeshautafuna."

Kiboko akatazama mashariki. Wazi. Akatazama bondeni. Wazi. Akapeleka ulimi jinoni, akakigusa kipande cha nguzo. Akakitoa, akakiangalia. Kilikuwa bado na utepe.

"Mmenichezea!" akanguruma. "Nitajenga tena! Nitajifungia ndani, nitembee peke yangu!"

"Jenga," Kobe akasema polepole kwenye kipaza sauti. "Lakini utakuwa mgeni rasmi wa nani?"

Na watu wote wa Mkiani wakaweka mikono mapajani. Twiga akaweka. Fisi akaweka. Hata watoto wa sungura wakakalia mikono yao. Hakuna kofi. Upepo ukapita, turubai likasema fff.

Kiboko akavumilia. Akavumilia. Akavumilia kidogo tena. Kisha akasema, "Pigeni basi hata moja."

"Hakuna anayeanza kabla ya mgeni rasmi," Mama Punda akamwambia. Alikuwa ameshafika kwenye njia, mguu wenye bandeji mbele. "Twende, Bwana Kiboko. Nami nakusubiri."

Kiboko akatembea hatua moja. Pa! Akasimama. Kimya. Akatembea. Pa! Pa! Akasimama. Kimya. Akafumba macho, akaenda moja kwa moja, puu, puu, puu, na makofi yakamfuata uwanja mzima kama mvua juu ya mabati, na Mama Punda kando yake, tok, tok, tok.

Ikawa hivyo kila siku. Alfajiri, mtaa mzima uko mlangoni kwa Kiboko. "Mheshimiwa! Hakuna anayeanza kabla yako!" Analalamika, anatukana, anatoka. Karai lake halikupata tena nafasi ya kuchemka, wakaligeuza ngoma ya mchakamchaka: ngwa! ngwa! ngwa! Kidonda cha Mama Punda kikafunga, mguu ukabaki wa kwake. Na sisimizi? Maskini, walikaa pale palipokuwa na nguzo wakingoja, wakakonda, wakatuma ujumbe: "Mheshimiwa, mbona umetusahau?" Hawakujibiwa. Wakafunga virago, wakahamia mtaa mwingine. Siutaji. Mnajijua.

Sasa funzo. Hadithi bila funzo ni kelele, na mimi si mtu wa kelele. Funzo ni hili: ndugu zangu, msipime. Kiboko alikuwa mzima kabisa, anakula, anacheka, anakojoa vizuri, mpaka siku alipopimwa. Kipimo ndicho kilichomwambukiza. Na mkiwakuta sisimizi chooni kwenu alfajiri, wakaribisheni, wapeni viti. Ni watu wanaowapenda.

Hadithi nimeitoa mdomoni mwangu, sasa iko masikioni mwenu. Ikiwaelemea, mtupieni jirani. Aliyekaa ainuke, aliyeinuka atembee. Haya, tuuzunguke mtaa mara moja kabla ya kulala. Tangulieni.

Tangulieni, nimesema.

Mbona mnanitazama hivyo?

*Hakuna anayeanza...*

Ah, jamani. Mimi nilikuwa natania tu. Nina goti hili...

*...kabla ya mgeni rasmi!*

Haya, nishikeni mkono niinuke. Taratibu. Na mtu asisahau makofi.